Baada ya Kiambere

Nilizaliwa Langoni, Amu, mwaka 1968, mwaka ule ule lilipoanza kazi bwawa la Kindaruma katika mto Tana. Hilo nilikuja kulijua shuleni, na kwa miaka mingi nililibeba kama fahari yangu, kana kwamba mimi na bwawa tulinyonya ziwa moja.

Kwetu hakukuwa na stima. Mjini ilikuwapo, ya mtambo wa dizeli, na nyaya zake zilipita juu ya vichochoro zikaingia nyumba za wenye uwezo na ofisi za serikali. Sisi tulikuwa watu wa kandili. Kila siku kabla ya Magharibi kazi yangu ilikuwa kutoa kioo, kukipangusa kwa majivu na kitambaa, kukata utambi pale ulipoungua, kisha kujaza mafuta bila kumwaga. Tone likianguka mkekani, harufu yake ililala nasi wiki nzima. Jikoni kulikuwa na koroboi. Na darini, juu ya kasha, kulikuwa na karabai ya ami yangu, isiyoguswa na mtoto. Hiyo ilishushwa usiku wa harusi, usiku wa msiba, na siku za Maulidi wageni walipojaa mpaka dakani. Ami mwenyewe ndiye aliyeiwasha: anamimina spiriti, anaiacha ipate moto, anapiga pampu polepole, mpaka kile kifuko cheupe kinashika na taa inaanza kuvuma kama mzinga wa nyuki. Watoto tulikaa kimya wakati huo wote, kama watu wanaosikiliza khutuba.

Sitaki kuzipamba taa zile. Moshi wa koroboi uliziba zidaka kwa masizi, ukamla bibi macho yake kidogo kidogo, mpaka alipozeeka alikuwa akitutambua kwa sauti. Mkono wangu wa kushoto una kovu la mafuta yaliyoshika moto nikiwa na miaka tisa. Nimeona mwanamke wa mtaa wetu akijifungua kwa nuru ya kandili mbili zilizoazimwa, na nimeona mama yangu, nje ya mlango, akihesabu viberiti vilivyobaki. Anayesema kwamba giza lile lilikuwa na utamu wake, nadhani hakuwa yeye wa kukata utambi.

Ami yangu alikuwa na mashua. Si kubwa, wenye majahazi ya kwenda Mombasa na boriti hawakuihesabu. Yeye kazi yake ilikuwa Kipini. Akienda na kaskazi, akirudi tangambili, alipeleka ng'onda, chumvi, sukari na leso, akaleta mchele na maembe ya Ozi. Mlango wa Kipini ni mahali pa hatari, mawimbi yanavunjika juu ya fungu la mchanga pale mto unapokutana na bahari, na manahodha wengi walingoja maji yajae ndipo waingie. Ukishaingia, alisema, unakuwa nchi nyingine. Mikoko inakufunga pande mbili, halafu inakwisha, halafu unaanza kuona mashamba ya mpunga na Kau mbele yako.

Ni yeye aliyenieleza jambo ambalo kitabu changu cha jiografia hakikuwa nalo: kwamba Tana haikuwa ikitokea Kipini tangu asili. Pale palikuwa na mto Ozi. Watu wa zamani walichimba mfereji, ukaitwa Belezoni, wa kuunganisha Tana na Ozi ili vyombo vya mizigo vipite kwa ndani. Mfereji ulikuwa mwembamba. Lakini mto ukaupenda, ukaupanua mwaka hadi mwaka, mpaka Tana yenyewe ikaacha njia yake ikafuata ile ya watu. Ami alilisimulia hilo kwa heshima, kama mtu anayesimulia tabia ya mzee mkali. Mto, kwake, ulikuwa na wakati wa kuja na wakati wa kuondoka. Ulifurika masika, ukafurika tena vuli, ukaingia mashambani, ukaacha tope jekundu, ukarudi kitandani pake. Watu wa Ozi na Kau walipanda kwa hesabu hiyo, na hata baina ya mafuriko walikuwa na ujuzi wao: bahari inapojaa inausukuma mto nyuma, maji baridi yanapanda, nao wanayafungulia vifereji yakanyweshe mpunga. Mpunga ule ndio uliopikwa kwetu. Nimekula Tana tangu sina meno.

Basi ilikuwa mwaka 1986, mimi ni kijana wa sekondari niliyerudi likizo. Jioni moja barazani ami alikuwa akiwaeleza wenziwe kwamba safari ile amepata mchele nusu ya kawaida yake. Alisema mto umekuwa na ugonjwa. Mafuriko yanakuja kwa kuchelewa, au yanakuja kidogo, hayapandi kingo, na wakulima wanangoja wakiwa na mbegu mkononi. Akasema anasikia huko bara wameufunga.

Mimi nikaona hapo ndipo elimu yangu inapotakiwa. Nikasema, mbele ya wazee wote, kwamba hakuna mto uliofungwa, kuna mabwawa, na mabwawa ndiyo maendeleo. Nikayataja kwa mpango, kutoka juu kuja chini: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma, na Kiambere ambalo wakati ule lilikuwa bado linajengwa. Nikataja miaka: Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981. Nikaeleza kwamba maji yanaangushwa kwenye mitambo, yanaizungusha, kisha yanaachiwa yaendelee na safari. Hayaliwi wala hayachomwi kama mafuta. Kwa hiyo, nikamaliza, ami amekosea: maji ni yale yale.

Wazee walinitazama kwa furaha, nadhani, kwamba mtoto amesoma. Ami hakukasirika. Alinitazama tu, kisha akasema, "Mai yakizuiliwa yuu, huku tini kutafika nini?"

Nikamjibu upesi, "Umeme, ami."

Watu wakacheka. Na yeye akacheka pia, akaondoa viatu vyake chini ya baraza, akaenda kuswali Isha. Kicheko kile nakisikia mpaka leo. Sikuwa nimemtukana. Lakini nilikuwa nimemnyamazisha mtu aliyekuwa na habari, na hapana mtu mwingine pale ambaye alikuwa amefika Kau mwaka ule.

Tena jibu langu halikuwa hata la kweli. Umeme haukufika huku. Ulikwenda Nairobi, ukaenda viwandani, ukaenda Mombasa. Sisi tulio karibu na mahali mto huu unapomaliza safari yake ya takriban kilomita 1,000 tuliendelea kuwasha dizeli iliyovushwa baharini, na wengine wetu mafuta ya taa.

Ilinichukua miaka kuelewa tulivyokuwa tumesema mambo mawili tofauti. Mimi nilikuwa nikihesabu wingi wa maji. Yeye alikuwa akihesabu wakati wake na tope lake. Bwawa la kuzalisha umeme halitaki mto wenye misimu. Linataka maji yatoke sawasawa, Januari kama Mei, kwa sababu watu wanawasha taa kila siku. Masinga, lililo kubwa kuliko yote kwa hifadhi, kazi yake hasa ndiyo hiyo: kuyaweka maji ya masika yangoje kiangazi, ili yale mengine manne yaliyo chini yake yasikose. Yenyewe huzalisha megawati 40 tu, ilhali Gitaru lina megawati 225. Ukiyajumlisha yote matano leo yanakaribia megawati 600. Ni kazi kubwa ya akili na ya mikono, na siidharau. Lakini yale maji ya ghafla, yale yaliyovunja kingo na kupanda mashambani, ndiyo bwawa linayoyameza kwanza. Na tope linatua kwenye sakafu ya ziwa, huko Embu na Machakos, halifiki Ozi. Kinachoshuka ni mto mtulivu zaidi, na mto mtulivu hauna nguvu ya kuizuia bahari. Ndipo chumvi ikaanza kupanda. Ujuzi ule wa kungoja bahari isukume maji baridi ukageuka hatari, kwa sababu sasa kilichosukumwa kilikuwa maji ya chumvi.

Ami alifariki kabla ya mvua za El Nino za 1997, zile zilizofanya Tana ionekane tena kama alivyokuwa akiisimulia, pana kama bahari. Sikuwa nimemuomba radhi. Ukweli ni kwamba wakati ule sikujua kama kuna la kuombea radhi.

Nililijua Mombasa, mwaka 2000. Mvua zilikuwa zimekosekana, maji ya Masinga yameshuka, na nchi nzima ikapangiwa zamu za stima: mtaa huu mchana, mtaa ule usiku. Nilikuwa nimepanga chumba Majengo, nafanya kazi ya ukarani. Usiku mmoja nilinunua mshumaa, nikakaa nao mezani na gazeti lililochora picha ya lile ziwa, kingo zake zimepasuka kama ngozi ya kisigino. Nchi iliyotegemea maji kwa sehemu kubwa ya umeme wake ilikuwa imegundua kwamba mto ukiugua juu, taa huzimika. Nikamkumbuka ami na neno lake, mto una ugonjwa. Yeye alikuwa amelisema miaka 14 kabla ya gazeti, kutoka mwisho wa pili wa mto, na mimi ndiye niliyemkatiza.

Tangu hapo nchi imetafuta njia nyingine. Mvuke wa Olkaria umekuwa tegemeo kubwa kuliko mabwawa. Upepo wa Turkana unaingia kwenye nyaya tangu 2018. Na sisi Waamu, baada ya kungoja muda wote huo, tuliunganishwa na gridi ya taifa katikati ya muongo uliopita, kwa laini ya msongo mkubwa inayotoka Rabai, ikapita Malindi na Garsen, ikafika Hindi, kisha ikatuvukia.

Mwambao huu, ajabu yake, uliuona umeme kabla ya Nairobi kuwapo. Sayyid Barghash alinunua jenereta mwaka 1875 kumulika kasri lake na njia za karibu, Unguja, na mwaka 1908 mtambo huo ulinunuliwa na mfanyabiashara Harrali Esmailjee Jeevanjee ukaletwa Mombasa. Amu iko safari ya siku chache tu za tanga kutoka huko. Lakini kamba ya stima ilizunguka bara nzima kabla ya kutukumbuka.

Nakumbuka safari yangu ya kwanza kwa basi baada ya laini kukamilika. Karibu na Garsen nyaya zinaivuka Tana, nami nilikuwa nimekaa upande wa dirisha. Mto ulikuwa chini, wa rangi ya chai ya maziwa, unakwenda polepole. Juu yake nyaya. Katika stima iliyokuwa ikipita mle, sehemu ilitokana na maji hayo hayo, yaliyozungusha mitambo huko juu siku kadhaa kabla. Mwanga ulikuwa umetangulia maji, unayapita kichwani kuelekea kwetu. Nililia, na kijana aliyekaa karibu nami akadhani ni vumbi.

Stima hiyo imetufaa. Mvuvi wa Amu sasa anapata barafu, samaki wake anafika sokoni akiwa mbichi, wala halazimiki kumpasua na kumtia chumvi kwa sababu tu jua limetua. Pampu za visima vya Shela, ambavyo mji mzima unavinywa, zinataka nguvu. Mtoto anazaliwa chini ya taa. Ningekuwa mnafiki kusema vinginevyo, na kule Pate wako waliongoja zaidi yetu.

Lakini nuru ile ilikuja na posa nyingine. Tulikuwa bado tunaifurahia, tukaambiwa kwamba ng'ambo, Kwasasi, utajengwa mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050. Mmoja tu, na unazidi mabwawa yote matano ya Tana kwa pamoja. Mamlaka ya mazingira, NEMA, ikatoa leseni Septemba 2016. Tukaambiwa ni maendeleo. Neno lile lile, na sauti ile ile niliyoitumia barazani.

Safari hii wazee hawakucheka. Wavuvi waliuliza maji ya moto yatakayorudishwa baharini yatafanya nini kwenye nyasi wanamolisha tafi, na majivu yatalala wapi kusi likivuma. Akina mama waliuliza juu ya vifua vya watoto. Vijana waliojikusanya katika muungano wa Save Lamu walichukua maswali hayo, wakayaandika, wakayapeleka mbele ya mahakama ya kitaifa ya rufaa za mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 leseni ile ikafutwa, kwa sababu, miongoni mwa nyingine, wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Siku hiyo watu walitembea pwani ya mji wakiimba. Nilikuwa miongoni mwao na moyo wangu ulikuwa umejaa, ila kifua kilikuwa na kijiwe. Maswali yale yote yalikuwa na mzazi mmoja. Mtu anayeishi chini aliuliza kitakachomfikia kutoka juu. Kwa bahari yetu tuliuliza kwa wakati. Kwa mto, aliyeuliza alikuwa peke yake, na mtoto wa nduguye aliyesoma alimjibu kwa mzaha.

Mwaka 2022 nilikwenda Kau na Ozi. Nilitaka kwenda kwa bahari kama yeye, lakini mashua yake ilioza zamani, na mimi si baharia. Nikaenda kwa barabara mpaka Kipini, halafu boti ya injini. Ozi nilimkuta mzee mmoja aliyemkumbuka ami kwa jina la utani nisilolijua hata mimi. Alinipeleka shambani. Miembe ilikuwa imesimama, mingine imekauka kuanzia juu, kama mtu aliyenyolewa. Akachota maji ya mfereji kwa kiganja akanipa nionje. Yalikuwa maji kujaa, na yalikuwa ya chumvi. Hakuniambia kitu. Nilimweleza nilichokisema mwaka 1986, sijui kwa nini, labda kwa sababu hapakuwa na mwingine aliyebaki wa kumweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama kwetu sasa kuna stima. Nikasema ipo. Akasema, "Alhamdulillahi," na niliona kwamba alimaanisha.

Miaka miwili baadaye, masika ya 2024, mabwawa yalijaa mpaka yakamwaga. Maji yaliyozuiliwa kwa desturi yakaja yote kwa pamoja, Garissa ikazama mitaa, nyumba za delta zikaondoka, na barabara ya Garsen kuja Amu ikakatika, magari yakalala pande mbili za maji. Watu wa Tana walikuwa wamekaa na mto mnyonge muda mrefu, wengine wakajenga ulipokuwa ukipita zamani. Nilipiga simu ya yule mzee. Haikushika. Ilishika wiki ya tatu; walikuwa wamehamia penye muinuko, salama, mpunga umekwenda. Sasa kunazungumzwa juu ya bwawa jingine, la High Grand Falls, chini ya hayo matano, lililotajwa katika mipango ya ukanda wa Lapsset pamoja na bandari yetu ya Manda. Silipingi kwa kulisikia tu. Nataka kwanza aulizwe mtu wa Ozi, na aketi mbele, na asikatizwe.

Mwezi uliopita mjukuu wangu, aliye darasa la saba, alikuwa akijisomesha kwa ajili ya mtihani. Alikaa ukumbini chini ya taa, pale pale bibi yangu alipokuwa akiweka kandili, akaniomba nimsikilize huku amefumba macho. Masinga, akasema. Kamburu. Gitaru. Kindaruma. Kiambere. Hakukosea hata moja, na sauti yake ilikuwa na ile haraka ya mtu anayejua.

"Na baada ya Kiambere?" nikamuuliza.

Alifumbua macho. Akafungua kitabu, akapitisha kidole kwenye ramani, kikashuka na mstari wa buluu mpaka penye ukingo wa ukurasa.

"Hakuna kitu, babu. Mto unakwenda tu."

Nilimwomba penseli. Nikaweka nukta ya kwanza, nikamtajia jina, akaliandika kwa mwandiko wake mdogo: Garissa. Kisha Hola. Kisha Garsen. Alipofika Kau karatasi ilikuwa karibu kwisha, akageuza kitabu upande ili apate nafasi, akaniuliza Belezoni inaandikwa vipi, halafu nani aliichimba, nami nikavuta mkeka karibu, nikaanza.